Safari ya Muheza Kumsalimia Mkwe Wangu

Mpendwa Baba,

Mabegi yapo mlangoni. Mawili ya Mama, moja langu, na ndoo ya sato wakavu iliyofunikwa kwa kitambaa na kufungwa kamba mpaka imekuwa kama mgonjwa aliyevunjika mguu. Kesho asubuhi tunaondoka kwenda Muheza, na tangu juzi nyumba hii ya Kitaji, hapa Musoma, haikaliki. Mama amepanga nguo, amepangua, amepanga tena. Leo nimemkuta mbele ya kioo anajaribu kilemba, umri wake huo wote, anageuza shingo huku na huku kama binti wa kipaimara. Nikacheka. Akaniambia sina adabu. Hapo hapo nikakukumbuka kwa nguvu, Baba, nikaacha kazi zote nikachukua kalamu, kwa sababu safari ya Muheza haiwezi kufungwa katika nyumba hii bila wewe kuambiwa.

Unayajua yote nitakayoyaandika. Lakini barua hii nitawasomea wajukuu zako, na wengine wamezaliwa mijini hawajui mambo ya kwetu, kwa hiyo nivumilie nikieleza.

Nianze na jina langu. Mama yako, Nyangeta, alifariki Butiama muda mfupi kabla sijazaliwa. Nilipozaliwa nililia, nikakataa kunyonya, nikalia mpaka wazee wakaanza kunitajia majina ya marehemu wa ukoo mmoja baada ya mwingine. Baba Mkubwa aliposema "Nyangeta," nikanyamaza nikashika ziwa. Mambo yakaishia hapo. Tangu siku hiyo hukuniita mwanangu hata mara moja. Uliniita Mama. Baba Mkubwa, kaka yako mkubwa mwenye sauti ya kutisha ng'ombe, naye aliniita Mama, na shangazi zangu wote vivyo hivyo. Ili tusichanganyikiwe nyumbani, mke wako ukamwita Mwalimu, na kweli alikuwa mwalimu, serikali ilikuwa imemtoa kwao Muheza ikamleta huku Mara kufundisha Suguti, wewe ukiwa fundi cherehani uliyekwenda pale kushona sare za shule. Ulikwenda kushona sare ukarudi na mchumba. Shangazi walisema umeshona vizuri.

Mimi na mdogo wangu Mafuru tulikulia katika ile miaka migumu. Nakumbuka Mama akifua kwa majani ya mpapai. Nakumbuka foleni ya duka la ushirika, na watu waliosimama humo bila kujua kilicholetwa ni sabuni au viberiti, wamesimama tu kwa sababu kuna foleni. Wewe ulikuwa fundi asiye na kitambaa. Cherehani yako ilikaa pale barazani ukiipaka mafuta kama mtu anayemchana mtoto nywele, na kazi iliyokuja ilikuwa viraka: kiraka juu ya kiraka, kola za kugeuza, suruali ya baba kupunguzwa iwe ya mtoto. Hukulalamika mbele yetu. Ulikuwa unapiga mluzi, na siku mluzi ulipokatika tulijua uzi umekwisha.

Halafu mambo yakaanza kulegea. Likaja lile neno ruksa, kila mtu akalisema, hata kondakta akikupisha mlangoni. Nguo zikaonekana tena. Mfanyabiashara mmoja akarudi kutoka Sirari, mpakani, na majora ya vitambaa, akakuletea kazi, na cherehani ikaanza kulia kutwa. Jioni moja uliingia ndani na sukari kwenye karatasi, ukaiweka mezani ukapiga makofi.

"Ruksa!" ukasema. "Leo kila mtu aombe kitu kimoja. Nitakitafuta nikipate."

Mafuru, ambaye alikuwa hajaanza shule, akaomba soda nzima ya kwake peke yake, isiyogawanywa. Mama akaomba viatu. Mimi nilikuwa darasa la tatu, na nilikuwa na jambo linanisumbua siku nyingi. Wewe, Baba, ukiwa mkubwa vile, shangazi zako walikuwa wakikukuta barazani wanakuambia umenyoa vibaya, unakula kama ndege, nenda kaniletee maji. Nawe ulikwenda. Lakini Mama hakuna aliyemtuma. Alitutuma sisi, alituma darasa zima, aliwatuma hata wanaume waliokaa kwenye mkutano wa wazazi. Nilitaka kujua kama naye aliwahi kuwa mtoto.

"Mimi nataka kumuona mtu anayemtumaga Mwalimu," nikasema.

Mafuru akacheka. Wewe ukaanza kucheka ukaacha. Mama aliweka mwiko chini, akafuta mikono kwenye kanga, akatoka nje kwa mlango wa nyuma. Ulimfuata. Nilisikia sauti zenu karibu na jiko la nje lakini sikusikia maneno. Uliporudi ulisimama mbele yangu ukanisemesha kwa ile heshima yako, umeinamisha kichwa.

"Sawa, Mama. Umesema. Tutaenda Muheza, kwa mama yake."

Nilianza kuruka pale pale. Nilipokuwa naruka sikujua kwamba Mama alikuwa hajamwona mama yake tangu kabla sijazaliwa. Wala sikujua anachokiogopa. Hicho alimwambia Mama Chausiku, jirani yetu, siku chache baadaye wakichambua dagaa, na mimi nilikuwa hapo nikijifanya sisikii. Bibi wa Muheza, alisema, tangu siku ya mahari hakuwahi kukutaja. Salamu zake zilizoletwa na wasafiri zilikuwa za watoto, za majirani, hata za mbuzi. Zako hazikuwemo. Mama hakujua kwa nini, na aliogopa kuuliza. Aliogopa kwamba tutavuka nchi nzima, mama yake atatukumbatia sisi watatu, na wewe atakuacha uani kama mpagazi.

"Na akifanya hivyo?" akauliza Mama Chausiku.

"Akifanya hivyo nitakuwa sina mama," akasema Mama. "Au sina mume. Mmojawapo."

Wewe hukuwa na wasiwasi hata kidogo. Ndicho kilichonichekesha baadaye, na bado kinanichekesha. Wewe uliamini kwamba Muheza uliacha jina zuri mno. Ulitusimulia mara nyingi, ukishika futi yako shingoni, jinsi ulivyokwenda huko na Baba Mkubwa kupeleka mahari. "Mama mkwe akatoka ndani anakuja," ulisema, "na mimi nikamkwepa vizuri kabisa, nikageuka, nikaingia kwenye michungwa. Hakuniona hata uso. Kaka alinisifu njia nzima mpaka Tabora." Na sisi tulikubali kwa vichwa, kwa sababu kwetu ndivyo ilivyo. Mwanamume wa kwetu akikutana na mama mkwe njiani hujitupa porini. Hali chakula naye, hampi mkono, hamtazami usoni. Kadiri unavyomkimbia ndivyo unavyomheshimu. Mama siku ile ya mahari alikuwa ndani, shangazi zake wamemficha, hakuona kilichotokea uani. Na alipokuja kusikia hadithi yako alikuwa amekwisha kukaa Mara muda wa kutosha kuona hakuna cha ajabu.

Basi tukaanza kupanga. Mungu wangu, tulivyopanga! Sijawahi kufurahi hivyo tena, Baba, na nimefurahi mara nyingi maishani. Kila jioni ulifuta vipande vya nguo kwenye meza yako ya kukatia, ukachukua chaki ya fundi, ukachora nchi. Kidonge cha uzi mweusi kilikuwa Bunda. Mwanza ilikuwa mkasi, kwa sababu njia zinagawanyika pale. Tabora kifungo kikubwa cha koti, Dodoma kifungo kidogo, Morogoro pini. Muheza uliweka mtondoo, ule wa chuma uliouvaa kidoleni ukishona, ukauweka mbali kabisa pembeni mwa meza, na Mafuru alikuwa anausukuma karibu ukimpa kisogo ili safari iwe fupi. Mimi nililala na kuamka na majina hayo. Shuleni nilipoulizwa reli ya kati inapita wapi nilitaja vituo vyote, nikaongeza na vifungo.

Mama mwanzoni alikaa mbali na meza ile. Alisema ana madaftari ya kusahihisha. Kisha jioni moja akapita, akaangalia, akasema kwa sauti ya mwalimu, "Segera umeisahau." Akachukua punje ya hindi akaiweka mahali pake. Akabaki amesimama, kidole juu ya mtondoo. Tangu siku hiyo alikuwa wa kwanza kukaa mezani.

Kilichobaki kilikuwa Butiama. Hukuweza kwenda kulala kwa wakweo bila Baba Mkubwa kujua, na ulijua atakachosema. Ulinichukua Jumamosi moja, tukadandia lori la pamba, nikiwa na sare ya shule kwa sababu ndiyo nguo iliyokuwa haina kiraka. Njiani hukunifundisha hata neno. Ulipiga mluzi tu.

Baba Mkubwa alitusikiliza akiwa amekaa kwenye kigoda mbele ya zizi. Alipoelewa unachosema alisimama.

"Magesa! Tangu lini mwanaume akaendaga kulala kwa mkwe wake? Utakula wapi? Utaoga wapi? Akipita mlangoni utatokea dirishani?"

"Kaka, siyo mimi niliyesema."

"Kasema nani? Mwalimu?"

"Mama," ukasema, ukanionyesha kwa mkono wazi.

Baba Mkubwa alinitazama. Nilikuwa nimesimama mguu mmoja juu ya mwingine. Nilimwogopa sana, lakini kulikuwa na kitu nilichokizoea tangu utoto: mtu yule mkubwa akizungumza na mimi sauti yake hushuka.

"Mama," akasema, "ni kweli umetaka mambo haya?"

"Ni kweli," nikasema. "Mlileta mke hapa, na mama yake sijawahi kumuona. Nataka nikamsalimie mkwe wangu."

Wallahi sijui maneno hayo yalitoka wapi. Nilitaka tu kumwona mtu anayemtuma Mwalimu. Lakini Baba Mkubwa alivua kofia yake taratibu, akatazama upande wa kaburi la mama yenu, kisha akanitazama mimi, na macho yake yakawa na maji.

"Alikuwaga hivyohivyo," akakuambia. "Akisema amesema. Nani wa kumkatalia?" Akatoa ulezi gunia zima tumpelekee mkwe. Tulipokuwa tunaondoka alikushika bega. "Lakini wewe, Magesa, usitutie aibu huko. Heshima ileile. Umesikia?"

"Nimesikia, kaka."

Na nguo! Wajukuu hawatanisamehe nisipozitaja nguo. Ulipata jora moja kwa yule mfanyabiashara, kitambaa cha mapazia, bluu, kina mananasi makubwa ya njano. Kilikuwa kingi na kilikuwa kipya, na sisi tulikuwa tumevaa viraka miaka mingi. Ukashona shati lako, gauni la Mama, gauni langu, na suti ya kaptula ya Mafuru, yote ya mananasi. Mama alipovaa alikaa kitandani akacheka mpaka akashika mbavu. "Fundi," akasema, "tukisimama dirishani watu watatufunga na kamba." Lakini alilivaa, na lilimkaa vizuri sana, na wewe ulijua.

Siku ya kuondoka Kitaji nzima ilitusindikiza kituoni. Tulifika Bunda basi likaishiwa dizeli. Wengine walinung'unika. Wewe ulifungua mfuko wako, ukatoa sindano, ukaanza kumshonea kondakta suruali iliyochanika, kisha abiria mmoja akaleta koti, mwingine kikapu, na dizeli ilipopatikana watu walimwomba dereva asubiri kidogo umalize mfuko wa mama mmoja. Tulikula michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa, na viazi vya kuchoma. Mama alinunua karanga akazigawa kwa basi zima kama mtu mwenye harusi.

Treni sitaiweza kuieleza. Mafuru alipoiona Mwanza alijificha nyuma ya miguu yako akauliza kama imeshiba. Nilikaa dirishani nikisubiri kifungo kikubwa cha koti, na tulipofika Tabora mwanamke mmoja anayeuza asali alitutazama sote wanne katika mananasi yetu akauliza, "Nyie ni kwaya ya wapi?" Ukajibu bila kusita, "Musoma." Akasema basi imbeni. Na mliimba, Baba, wewe besi na Mama sauti ya kwanza, mmetoa vichwa dirishani, na behewa zima likaitikia. Yule mama alitupa asali.

Lakini baada ya Morogoro, tulipopanda basi la Segera, Mama alinishika mkono mpaka vidole vikaniuma. Minazi ilipoanza kuonekana alifunga macho. Nilikuwa nimejaa furaha mpaka kooni na bado nilikumbuka yale aliyomwambia Mama Chausiku. Nilikuangalia wewe. Ulikuwa unachana nywele.

Nyumba ya Bibi ilikuwa nje kidogo ya mji, imezungukwa na michungwa iliyojaa. Alikuwa uani anapepeta mchele, mwanamke mfupi, mwembamba, kanga kiunoni. Aliinua macho. Ungo ukamponyoka.

"Agnesi?"

Mama hakukimbia. Alitembea polepole mpaka alipofika, na hapo alikunjika kabisa, akaweka kichwa chake kifuani kwa yule mwanamke mfupi, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Majirani wakatoka. Mafuru naye akalia kwa sababu kila mtu analia. Bibi alitushika vichwa, akatuhesabu, akatupapasa mananasi yetu. Kisha akatazama juu ya vichwa vyetu, kutafuta mtu wa nne.

Hukuwepo. Ulikuwa umemkwepa vizuri kabisa. Ulikuwa umeshaingia kwenye michungwa, umetugeuzia mgongo, umeshika kofia mikononi, na mananasi ya njano yanaonekana katikati ya majani.

Uso wa Bibi ulifunga kama mlango.

"Kaanza tena," akasema. "Mnamwona? Siku ile nimetoka na mkono nimeunyoosha, nampokea mkwe wangu, kanipa mgongo mbele ya majirani hawa hawa. Mkono wangu umebaki hewani. Nikasema, sawa, kanidharau, mtoto keshampenda. Na leo tena! Uani kwangu!"

Mama akainua kichwa. Nilimwona anaelewa. Nilimwona, Baba, miaka yote ile ikimpita usoni kwa mara moja. Alifungua mdomo lakini kilio kilikuwa kimemziba.

Basi nikasema mimi. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimekuja kwa kazi yangu.

"Bibi, hajakudharau. Kwetu mama mkwe ndivyo anavyoheshimiwaga. Ukimwona unakimbia. Baba anakuheshimu sana, amekukimbia mara mbili."

Bibi alinitazama. "Wewe nani?"

"Mimi Nyangeta. Mimi ndiye mama yake. Nimekuja kukusalimia, mkwe wangu."

Majirani wakaguna. Ndipo Mama akapata sauti. "Mama," akasema, "ana jina la mavyaa wangu, mama mzazi wa huyo mkweo. Alifariki hamjaonana. Kwao jina ndilo mtu. Hata mume wangu humwita huyu Mama, na hamkatalii neno. Ndiye aliyetuleta."

Bibi alinipima kuanzia viatu mpaka kichwani kama anayetafuta mwanamke mwenzake ndani ya gauni la pazia. Kisha akapangusa macho kwa ncha ya kanga, na mdomo wake ukaanza kucheza.

"Haya, mkwe," akaniambia. "Kama ndiye mwanao, muite. Mimi nimechoka kuongea na mgongo."

Sikuwahi kukuita kwa jina. Hakuna mtoto anayethubutu. Lakini nilisimama pale uani, nikageukia michungwa, nikaita kwa sauti yote niliyokuwa nayo.

"Magesa! Njoo hapa!"

Majani yakatikisika. Kwa muda nilifikiri hutatoka. Baba Mkubwa alikuwa amekuagiza, na wazee wote wa Butiama walikuwa nyuma yako. Halafu nikasikia sauti yako, nyembamba, ya mtoto.

"Naam, Mama."

Ukaja. Ulikuja kiubavubavu, kichwa chini, kofia umeikunja mpaka imekuwa kitambaa cha jikoni. Ulisimama mbali.

"Sogea," akasema Bibi. "Mimi sili watu."

Uliniangalia mimi. "Sogea, mwanangu," nikasema, na majirani wakaangua kicheko, na wewe ukasogea, ukapiga goti mbele yake. Bibi akanyoosha mkono. Ulikuwa unavunja kitu ambacho baba yako na babu yako hawakukivunja, na ulikivunja kwa sababu mke wako alikuwa amesimama pale analia. Ukaupokea mkono ule kwa mikono yako yote miwili, hukuuachia haraka.

Bibi naye hakuuvuta. Alipomaliza kukutazama akamgeukia Mama.

"Na wewe Agnesi, umesimama hapo umekodoa macho kama mgeni! Huoni mkwe wangu katoka mbali? Hebu kimbia kamletee maji anywe!"

Na Mama akakimbia! Mwalimu, aliyetuma mkutano mzima wa wazazi, alikimbia na gauni lake la mananasi mpaka mtungini, akarudi na kata, akapiga magoti akanipa. Sijawahi kunywa maji matamu kama yale. Niliyanywa polepole, nikimwangalia juu ya kata, naye alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka.

Ulikula mkekani kwa Bibi mpaka siku ya kuondoka. Tulikubaliana Baba Mkubwa asiambiwe, na nadhani alijua, kwa sababu uliporudi Butiama hakuuliza.

Sasa Bibi hayupo, na wewe umelala Butiama kando ya mama yako. Mimi nina watoto wakubwa. Mjomba wa Muheza amepiga simu kwamba nyumba ya Bibi bado imesimama na michungwa michache imebaki, na Mama amesema anataka kulala pale tena akiwa bado ana miguu. Siku hizi basi hutoka hapa moja kwa moja, hatutapita Tabora. Nimefurahi, Baba. Nimefurahi vile vile nilivyofurahi nikiwa darasa la tatu, usingizi sina. Na katikati ya furaha hiyo kuna pengo lenye ukubwa wako, sitakuficha. Ningependa nikuone unachana nywele.

Mama amenikuta sasa hivi nikiandika. Ameuliza namwandikia nani. Nimemwambia. Nilidhani atanicheka, lakini amevuta kiti akakaa, kilemba chake kipya kichwani, akatazama mabegi muda mrefu.

"Mwambie kitu kimoja," akasema. "Sikuwahi kumwambia. Nilisimama kanisani, nikavaa pete, nikamzalia watoto. Lakini siku ile alipotoka kwenye michungwa ndiyo siku niliyoolewa. Mwandikie hivyohivyo."

Nimeandika hivyohivyo, Baba. Lala salama. Tukifika nitakupa salamu za Muheza.

Ni mimi binti yako,
Nyangeta